Darasa la Wenye Ndevu

Nasikia mnalalamika. Nasikia ninyi walimu vijana mnakutana pale Lupaso, mnakunywa chai, mnaulizana kwa nini watoto wanaandikishwa wengi mwanzoni na wanaomaliza ni wa kuhesabu kwa vidole. Mnalalamika kama watu walioibiwa jana usiku. Wanangu, wizi huo ni wa zamani. Mimi nimefundisha juu ya uwanda huu tangu enzi za Mjerumani, na kama mwanafunzi anayetoroka angekuwa anaacha nyuma unyoya mmoja tu, leo ningekuwa nalala kwenye godoro la kitajiri.

Basi mkiniuliza jinsi ya kujaza darasa, na lililo gumu zaidi, jinsi ya kulifikisha darasa mwisho, nitawasimulia niliyoyaona. Msiyatafute kwenye vitabu vyenu vya ualimu. Walioviandika hawakuwahi kukaa mahali ambapo maji ya kunywa yako nusu siku kutoka ubaoni.

Misheni ilinipeleka Namitunda, upande wa Newala, ukingoni kabisa mwa uwanda, nikiwa kijana mwenye mashati mawili na kiburi cha mashati kumi. Nilijenga banda la miti na nyasi, nikatundika kipande cha jembe bovu kwenye tawi, na asubuhi ya kwanza nikakigonga mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuja mtu. Siku ya pili walikuja mbuzi. Walikuja kwa sababu ya kivuli, wakajilaza, wakanitazama wakicheua. Nami kwa hasira nikawafundisha irabu zote tano, maana nilikuwa nimeshajiandaa.

Mwisho wa wiki nilishuka Masasi kwa mwalimu wangu, Mwalimu Yusufu. Huyu alikuwa mzee mfupi aliyekombolewa utumwani akiwa mdogo, akalelewa Unguja, akaletwa huku kufundisha. Alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa namna yake ya kukupa nafasi ya kuona aibu kabla hajasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Danieli. Wanafunzi wangapi?"

"Hakuna, Mwalimu. Walikuja mbuzi tu."

Akakohoa. "Walikaa mpaka mwisho wa somo?"

"Walikaa."

"Basi kufundisha unajua. Kuandikisha ndiko hujui." Akanisogezea kigoda. "Huko Namitunda maji wanachota wapi?"

"Bondeni. Mbali. Wanatoka alfajiri, wanarudi jua limepanda."

"Nani anachota?"

"Akina mama, na watoto wao."

"Kwa hiyo shule nzima inashuka bondeni kila siku, na wewe umekaa juu unagonga jembe." Akakohoa tena. "Tafuta mtungi."

Wanangu, wakati ule mwanamume kubeba mtungi kichwani lilikuwa jambo la kuitiwa majirani. Nilishuka nao ile njia ya mawe, nikachota, mama mmoja akanipa ngata ya majani niiweke kichwani chini ya mtungi, nikainuka kwa madaha. Nikapiga hatua chache. Mtungi ulienda kushoto, mimi kulia, na maji yote yakabaki na mimi. Akina mama walicheka mpaka wengine wakatua mitungi yao chini wasije wakaivunja. Yule aliyenipa ngata, ambaye nilikuja kumjua kama Mama Esha, alikaa juu ya jiwe akijifuta machozi.

"Che Mwalimu," akasema alipoweza kusema, na "che" kwao ni neno la heshima, "huko shuleni unafundisha nini? Si kubeba maji, natumaini."

"Kusoma, mama."

"Na kusoma unajua kuliko hivi?"

"Najua, mama."

"Basi nitakuletea Esha. Mtu aliyeloa namna hii mbele ya watu hawezi kuwa mwongo."

Kesho yake alimleta, na wenzake wakaleta wa kwao. Nikajua kwamba mtoto haandikishwi darasani. Anaandikishwa pale mama yake anapocheka. Tangu siku hiyo sikugonga tena lile jembe kabla sijashuka bondeni kusalimia.

Hapo nikadhani nimemaliza kazi. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mtama ulipoanza kukomaa, nusu ya darasa ikaenda kufukuza nyani na nguruwe. Nikasema sawa. Wakati wa jando ulipofika, wavulana wote wakatoweka siku moja, kama vumbi lililonyeshewa. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikaenda mpaka karibu na likumbi, kambi yao ya jando huko porini, kudai wanafunzi wangu. Wazee walinifukuza, nikakimbia, nikapoteza kiatu kimoja. Kiatu kilirudi wavulana walipotoka porini. Kilirudi mguuni mwa mwanafunzi, naye akanisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mwalimu," kama vile kiatu ni chake na mimi ndiye niliyekuja na mguu mmoja wa kuazima. Baada ya hapo nilifunga shule msimu wa jando, nikasema ni likizo. Ukishindwa kuzuia jambo, lipe jina la kiserikali, litaonekana umelipanga wewe.

Halafu vikaja vita vya Maji Maji. Sitavisimulia kwa mzaha, na sitavisimulia kwa kirefu, maana wenye kujua zaidi yangu wengi hawakurudi kusema. Banda langu liliungua pamoja na vibao vya kuandikia. Tulijificha kwenye vichaka vinene vya uwanda, ambamo mtu akisimama karibu yako humwoni. Walipita wapiganaji, wakapita askari wa Mjerumani, na wote walipopita chakula kilipita nao. Kisha ikaja njaa. Watu walichimba ming'oko porini, vile viazi vyembamba vya mwitu, mpaka ming'oko nayo ikawa ya kutafuta. Nilipojenga banda la pili, watoto waliokuja walikuwa wachache, na wengine walikuja kwa sababu misheni ilileta mtama wa uji. Sikuwauliza walikuja kwa lipi. Mtoto aliyekuja kwa uji amekuja.

Sasa ndipo linapoingia jambo lenyewe.

Baada ya vita, boma la Mjerumani kule Lindi lilitaka wapagazi. Kila mara akida, mtumishi wa boma, alipopita Namitunda, wanaume waliondoka na mizigo kichwani kwenda Lindi, na nguvu za kufika Lindi na kurudi hazikuwemo mwilini mwa mtu yeyote. Wengine walirudi mabega yamechubuka mpaka nyama. Wengine tuliacha kuwaulizia. Lakini boma hilohilo lilitaka pia watu wanaojua kusoma, kwa kazi za ukarani na ujumbe, na ikatoka amri kwamba mwanafunzi wa shule asichukuliwe kubeba mizigo.

Amri hiyo nilisomewa na padri mmoja kule Masasi. Nikamweleza Mama Esha njiani, tukiwa tunapanda na maji. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Asubuhi iliyofuata nilifika darasani nikakuta limejaa mpaka nje. Nikafurahi, kisha nikatazama vizuri. Mstari wa mbele walikuwa wale watoto wangu wa kila siku. Nyuma yao walikaa baba zao. Nyuma ya baba zao walikaa wajomba. Kulikuwa na ndevu nyeusi, ndevu nyeupe, na mzee mmoja asiye na jino hata moja aliyekuwa ameoga na kujipaka mafuta kama anayekwenda kuposa. Mapanga yalikuwa yamepangwa ukutani. Moshi wa tumbaku ulikuwa umetanda hata ubao sikuuona.

Baba Esha akasimama. Alikuwa mtu mkubwa, sauti yake ikianza kwao inasikika kwa jirani wa tatu.

"Che Mwalimu, tumekuja kujiandikisha."

"Wote?"

"Wote. Wawili wako njiani, wanamalizia kunyoa."

"Baba Esha, hii ni shule ya misheni. Wewe ni Mwislamu."

"Mimi ni Mwislamu, na baba yangu alikuwa Mwislamu. Lakini hiyo a, e, i, o, u unayowaimbisha watoto nimeisikiliza nikiwa shambani kwangu, sikusikia ikitaja dini ya mtu."

Niliandika majina.

Mkitaka kujua kazi ya ualimu, wafundisheni watu wazima. Mtoto ukimwambia hii ni b na hii ni a, zikikaa pamoja zinasema ba, anasema ba, mnaendelea. Mtu mzima anataka kujua nani aliyezikutanisha.

"Ba," nikasema.

"Kwa nini?" akauliza Baba Esha.

"Kwa sababu ni b na a."

"Tumeziona. Lakini huyu b peke yake anasema nini?"

"Peke yake hasemi kitu."

"Bubu?"

"Kama bubu."

"Na akikaa na huyu a, anapata sauti."

"Ndiyo."

Wakageukiana. Mjadala ukazuka, mrefu, juu ya nani kati ya hao wawili ndiye mkubwa wa nyumba. Mzee asiye na meno akasema ni a, maana ndiye mwenye sauti. Mwingine akasema ni b, maana ametangulia. Jua likapanda, watoto wakaenda kucheza, na mimi nikajifunza kwamba kwa wenye ndevu herufi moja kwa siku inatosha sana.

Jambo lingine lilikuwa heshima. Esha, binti yake, alikuwa ameshasoma msimu mzima na alikuwa hodari. Baba yake akisimama ubaoni akisoma "ma" palipoandikwa "mu", mtoto alikuwa anateseka kama mtu mwenye siafu ndani ya nguo. Siku moja alishindwa kuvumilia. Akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Samahani, baba. Hiyo ni mu."

"Marahaba," akarudia Baba Esha, akitazama ubao. "Nani kakuuliza?" Kisha baada ya muda, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake, "Mu."

Tukaendelea hivyo mpaka akida alipokuja.

Akida huyu alikaa Newala, na alikuwa na kanzu safi kuliko ya mtu yeyote niliyemjua na masikio ya kusikia kila kitu. Alikuja na askari wawili na kamba za kufungia wapagazi. Akakuta kijiji hakina wanaume. Akafuata sauti, akatutokea mlangoni, tukiwa tunaimba "ka, ke, ki, ko, ku" kwa sauti nzito iliyotikisa nyasi za paa.

Alisimama pale muda. Mabega yakaanza kumcheza, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mwalimu," akasema, "hawa wote ni wanafunzi?"

"Ndiyo, Akida."

"Na huyu asiye na meno?"

"Anaanza vizuri."

Kicheko kikaisha, kama mtu aliyefunga mlango. "Sawa. Amri ni amri, mwanafunzi habebi. Lakini Bwana Mkubwa wa Lindi anakuja huku baada ya mavuno. Nitamwambia Namitunda kuna shule ya ajabu, naye atapenda kuipima. Atakayesoma mbele yake, amemaliza shule, na hatabeba mzigo. Atakayeshindwa, atabeba palepale. Na ikionekana umeficha watu, Mwalimu, wewe utalala chini kwanza, ule kiboko. Unajua hesabu yake."

Nilikuwa naijua, viboko ishirini na tano. Kila mtu nchi hii aliijua.

Wanangu, ninyi mkiambiwa mkaguzi anakuja mnafua shati. Mimi nilikosa usingizi. Na ole wangu, wanafunzi walianza kupungua. Sikuwalaumu. Kwa mtu aliyezoea jembe, kukaa chini na kushika kijiti wima kuandika mchangani ni mateso. Baba Zuhura, mtu mpole aliyekuwa na ulemavu wa mguu tangu vita, alinijia jioni moja.

"Mwalimu, mimi bora mzigo."

"Baba Zuhura, utakufa njiani."

"Labda. Lakini mzigo naujua unaishia wapi. Unaishia Lindi. Hizi herufi zako, kila nikidhani zimekwisha zinageuka zinakuwa nyingine."

Nikakaa na kitabu changu usiku nikikitazama upya, na hapo nikaona kosa halikuwa lao. Kitabu kile kilianza na maneno haya: "Farasi anakunywa maji mtoni." Farasi hawajamwona. Mto hawana. Na maji ya kunywa ambayo hakuna mtu aliyeyabeba kichwani hawakuyasadiki. Baba Esha alikuwa ameniuliza mara nyingi huyo farasi ni mtu wa wapi hata akanywa kabla ya wenyeji, nami nikadhani ni utani.

Kesho yake nikakiweka kitabu kando. Nikawauliza, "Mnataka kuandika nini?"

Wakakuna ndevu. Kisha mzee asiye na meno akasema, "Ugoro."

Tukaandika ugoro. Wakaandika muhogo, mtama, panga, ngoma, nguruwe. Wakaandika majina ya wake zao, wengine kwa siri wakaandika ya wake za watu, ugomvi ukatokea, na mtu aliyesoma jina la mkewe kwenye mchanga wa jirani alikuwa amesoma bila kusaidiwa, nikamsifu, halafu nikawaachanisha. Tulipofika kwenye ming'oko, wakakwama kwenye kile kidoa cha ng'. Baba Esha akakichungulia kwa karibu, akapunga mkono kukifukuza.

"Ni sehemu ya herufi," nikamwambia.

"Nilidhani ni inzi."

Tangu hapo darasa zima tuliita ng' "ile yenye inzi", na hakuna aliyeisahau tena.

Lakini waliolibakiza darasa hawakuwa mimi wala inzi. Walikuwa akina mama. Nilimweleza Mama Esha kwamba watu wanatoroka, na kwamba akida anangoja. Jioni ile alipika, akaweka chakula mbele yake mwenyewe, akamwambia mumewe, "Andika hapa chini ulichojifunza leo." Baba Esha akaandika neno kwenye majivu. Mama Esha hakujua kusoma hata herufi, lakini alimwita binti yake.

"Esha, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Ameandika nguruwe."

"Haya, karibu chakula."

Habari ikaenea bondeni kwenye maji, na ndani ya siku chache Namitunda nzima mwanamume hakuonja ugali kabla ya kuandika. Walionitoroka mchana walinijia jioni mbiombio, wakiniuliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, kisamvu kinaandikwaje? Haraka!"

Mavuno yakaisha. Bwana Mkubwa akaja.

Alikuja amebebwa kwenye machela, akiwa na askari, akida, na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Alikuwa mtu mwekundu aliyechoka, mwenye masharubu ya kupanda juu. Kiswahili alikijua, ila alikisema kama mtu anayetoa amri kwa samani. Nyuma ya askari niliona mizigo imeshapangwa mistari, imefungwa, inangoja vichwa. Na kando ya mizigo, askari mmoja alikuwa ameshika kiboko, anakikunja na kukikunjua bila haraka.

Wanafunzi wangu walikaa chini kwenye uwanja mbele ya banda, ndevu zimechanwa. Mimi niliegemea ubao, nikijifanya naushikilia usianguke.

"Hawa shule?" akauliza Bwana Mkubwa.

"Ndiyo, Bwana."

"Wote kusoma?"

"Wanasoma, Bwana."

Akida akatabasamu. "Labda wamekariri kitabu, Bwana."

Bwana Mkubwa akanyanyuka. "Hapana kitabu. Mimi andika." Akachukua chaki, akaenda ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa, nzuri, zilizosimama kama askari.

Hapa niwaeleze jambo. Wajerumani wengi wa wakati ule, sauti yetu ya z waliiandika kwa s, kama walivyozoea kwao. Yeye alitaka kuandika kwamba watu wote waende kazi. Ilikuwa amri aliyoipenda, nadhani aliiandika kila mahali. Lakini kilichokuwa ubaoni, kwa mtu aliyefundishwa na mimi, kilikuwa hiki: WATU WOTE WAENDE KASI.

Akarudi kitini. "Soma. Wewe mkubwa."

Baba Esha akasimama. Akatanguliza kidole hewani, akafuata herufi moja moja, midomo inacheza. "Wa... tu. Watu. Wo... te. Watu wote." Jasho lilimtiririka kama anayelima. "Wa... e... nde. Waende." Akafika neno la mwisho. Akasimama. Akalitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akalitazama tena. Nikaona uso wake umeelewa. Lakini mwanafunzi wangu alikuwa amefundishwa kusoma kilichoandikwa, si kilichokusudiwa.

"Kasi," akasema. "Watu wote waende kasi!"

Akainama, akachukua panga lake, akaondoka mbio.

Kisha mjomba wake akasoma ubao, midomo ikicheza, akanyanyuka akamfuata. Kisha wa tatu. Kisha darasa zima lilisimama kwa kishindo, kila mmoja akitupia jicho ubaoni kuhakikisha, na wote wakatimka kuelekea vichakani, ndevu zikipepea. Mzee asiye na meno aliwapita watatu.

Vumbi likatua. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama, mdomo wazi. "Wanakwenda wapi?"

Nilijua maisha yangu yako kwenye jibu. Nikimwambia amekosea herufi, nimemwaibisha mbele ya askari wake. Nikinyamaza, akida atasema wametoroka.

"Bwana," nikasema, "uliandika. Wamesoma. Wametii."

Akageuka akatazama ubao wake. Akautazama tena. Nikaona akiyasoma maneno kwa sauti ya chini, mara ya kwanza kwa Kijerumani chake, mara ya pili kwa Kiswahili chetu. Wekundu ukampanda kutoka shingoni, na masharubu yakaanza kutetemeka.

Akida akaona nafasi. Akanyoosha kidole. "Bwana, yule pale hakusoma!"

Kweli. Katikati ya uwanja mtupu alikuwa amebaki Baba Zuhura, amekaa peke yake, mikono magotini.

"Wewe," akasema Bwana Mkubwa. "Hapana jua kusoma?"

"Najua, Bwana. Nimesoma vizuri sana." Baba Zuhura akanyoosha mguu wake mbovu mbele yake. "Lakini mimi na huu mguu, kwenda kasi hatuwezi. Naomba niende polepole."

Hapo Bwana Mkubwa alicheka. Sikuwahi kumsikia Mjerumani akicheka namna ile. Ilitoka kama mtu anayekohoa mfupa. Alikaa kitini, akacheka, akajifuta macho, akamwambia akida kitu kwa ukali ambacho sikukisikia chote. Nilisikia tu "wamemaliza shule," na "tafuta watu kwingine." Kabla hajapanda machela alirudi ubaoni, akafuta lile neno la mwisho kwa kiganja. Hakuandika lingine mahali pake.

Mpaka leo sijui kama Baba Zuhura alisoma. Nilimwuliza mara nyingi. Kila mara alinijibu kwamba mwalimu mzuri hamtilii shaka mwanafunzi wake.

Baadaye padri wangu wa Masasi aliponiuliza ni wangapi wamehitimu, nilimwambia wote. Alidhani natia chumvi. Ndiyo idadi pekee katika maisha yangu ya kazi ambayo sikuitia chumvi, na ndiyo pekee ambayo hakuna mtu aliyeiamini.

Kesho yake baada ya mtihani, bila shaka, wenye ndevu hawakurudi. Hatari imepita, shule imekwisha, mashamba yanangoja. Nilibaki na watoto na nafasi kubwa nyuma yao, na harufu ya tumbaku kwenye nyasi za paa. Nikawaza, ndivyo ilivyo, walikuja kwa sababu yao na wameondoka kwa sababu yao.

Ulipoandama mwezi mwingine, Baba Esha alikuja peke yake, saa za mchana, watoto wakiwa wametoka. Akakaa kwenye kigoda cha mtoto, magoti yakamfika masikioni.

"Mwalimu, nilikuwa na mdogo wangu. Wewe hukumjua. Alikuwa ameoa upande wa pili, kule chini. Alichukuliwa kubeba mzigo mwaka ule wa kwanza baada ya vita. Hakufika Lindi na hakurudi. Hatujui hata alilazwa wapi, hana kaburi." Sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Nimejaribu kuandika jina lake mwenyewe, na kila nikiandika naona limepungua kitu. Alikuwa anaitwa Salumu."

Nikamwandikia mchangani. Akalisoma herufi kwa herufi. Kumbe alikuwa akisahau ile u ya mwisho. Akaandika mara kadhaa chini ya mkono wangu, akashukuru, akaondoka bila kuaga vizuri, kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Nilipopita kwake baadaye niliona amechukua mkaa, ameandika SALUMU kwenye ukuta wa udongo kando ya mlango, herufi kubwa kama kichwa cha mtu. Mama Esha alikuwa amemgombeza, maana alikuwa ameukandika ukuta ule wiki hiyohiyo kwa mikono yake.

Lakini kila msimu wa kukandika ulipofika, na nilikaa Namitunda misimu mingi baada ya hapo, nilimwona Mama Esha na bakuli lake la udongo mwekundu, akipaka ukuta wote kutoka juu mpaka chini. Akifika pale kando ya mlango alipunguza mkono, akatumia ncha ya kidole, akazunguka kila herufi, na kuliacha jina lisimame.